Mama Asiyetaka Kuamka

Huenda ni jirani yako. Zamani alikuwa wa kwanza kufika kisimani, na arusini vigelegele vyake vilijulikana. Siku hizi jua linapanda na mlango wake ungali umefungwa. Watoto wanakwenda shule bila uji. Ukimwuliza, "Mama Neema, kulikoni?" anajibu, "Nimechoka tu, dada." Wengine wanasema ni mvivu, wengine amerogwa. Nasi wa kanisani, nasikitika kusema, tuna haraka ya kumwambia kwamba imani yake imepungua. Tunasahau kuwa nabii Eliya naye aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena.

Ugonjwa huu unaitwa sonona. Ni huzuni isiyoondoka kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi au kulala mno, kutotaka chakula, kujiona hufai kitu, hata kutamani kufa. Humpata mke wa mkulima na mke wa karani vilevile. Wa kijijini daktari yuko mbali. Wa mjini majirani hawamjui hata jina.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Hospitali yao ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, iko Kampala. Mama wa Rakai, upande wa mpakani na Kagera, angefikaje huko kila juma, mtoto mgongoni na shamba likingoja palizi?

Mwaka 2002 watafiti walijaribu njia nyingine katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, sehemu zilizoumizwa sana na UKIMWI. Wanakijiji wenyewe walikuwa na jina la hali hii: okwekyawa, yaani kujichukia. Wakachaguliwa watu wa huko huko, si waganga, wakafundishwa kwa majuma mawili. Wanawake waliongozwa na mwanamke, wanaume na mwanamume. Walikutana mara moja kwa juma, dakika 90, kwa majuma 16. Hapakuwa na vidonge. Aliyefiwa alisimulia msiba wake. Aliyegombana na mumewe alisaidiwa kutafuta namna ya kuanza mazungumzo. Kabla ya hapo, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walishuka kutoka 94 hadi 55 hivi.

Shirika la StrongMinds liliichukua njia hiyo mwaka 2014, likaanza na wanawake wa Kampala. Korona ilipozuia mikutano mwaka 2020, vikundi vikahamia kwenye simu.

Simu ina neema yake. Unaweza kusikiliza huku unachambua maharage, wala hakuna nauli. Lakini nyumba nyingi simu ni ya baba, na wifi yuko chumba cha pili. Mama atasemaje kuwa machozi yake yanatoka humo humo ndani? Kwa hiyo anayepiga aulize kwanza: "Uko peke yako? Tuzungumze sasa?" Tena wapatane neno la kusema mtu akiingia, kama vile "bei ya sukari imepanda." Pia simu haioni. Haioni kwamba mama amekonda, wala kwamba mtoto hajaogeshwa tangu juzi.

Ukimwona jirani katika hali hii, anza naye kwenye zahanati. Akipewa dawa, mwambie mapema kwamba nafuu huweza kuchukua majuma kadhaa, asije akaziacha siku ya tano. Na akitamka kwamba anataka kufa, usingoje simu ya mtu yeyote. Usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na kabla hamjaondoka mpatane nani atabaki na watoto.