Kadi ya benki ikipotea msimuni, funga kwanza ndipo utafute

Kila ifikapo Oktoba, maghala ya vyama vya msingi katika mikoa ya Mtwara na Lindi huanza kupokea korosho mpya. Zamani mkulima alipima, akalipwa mkononi na kurudi nyumbani na fedha zake kwenye mfuko wa shati. Mambo yalianza kubadilika msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye zao hilo. Korosho sasa huuzwa kwa mnada, na kwa wakulima wengi malipo huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki.

Mabadiliko hayo yamepunguza hatari ya kuporwa njiani, lakini yameleta hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana vijijini. Jasho la mwaka mzima, kuanzia palizi na kupuliza salfa hadi kuokota na kukausha, sasa linafunguliwa kwa kadi moja ya plastiki na namba nne za siri. Kadi hiyo ikipotea, ikikatika au ikimezwa na mashine, mkulima hujiona kama aliyefungiwa nje ya ghala lake mwenyewe.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba fedha hazimo ndani ya kadi. Zimo kwenye vitabu vya benki, na kadi ni ufunguo tu. Ufunguo ukipotea ghala halijapotea, ila kama kuna mtu aliyeuokota, kila saa inayopita ni nafasi kwake. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kufunga kadi kabla ya kuanza kuitafuta.

Wengi hufanya kinyume. Hutumia siku mbili kupekua nyumba, kuuliza kwenye basi walilopanda na kurudi dukani waliponunua sukari. Benki huarifiwa siku ya tatu, baada ya matumaini kwisha. Wanaochelewa hujifariji kwamba mwizi haijui namba ya siri. Faraja hiyo ina mipaka. Kadi nyingi za siku hizi zenye alama ya mawimbi huweza kulipia kiasi kidogo kwa kugusishwa tu kwenye mashine ya dukani. Aidha, baadhi ya manunuzi ya intaneti huhitaji namba ndefu ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za nyuma, na zote zimeandikwa kwenye kadi yenyewe.

Fedha za nani ziko hatarini?

Kuna tofauti kubwa kati ya kadi ya mkopo na kadi ya kawaida ya kutolea fedha. Anayetumia kadi ya mkopo hutumia kwanza fedha za benki na kulipa baadaye. Kukitokea wizi, mjadala unakuwa juu ya deni. Kadi walizonazo wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi ni za aina ya pili, yaani zinachota akiba ya mwenye kadi mwenyewe. Hapo wizi hutoa fedha za ada ya shule au za mbolea leo hii, na mjadala huanza mfuko ukiwa tayari mtupu.

Sheria za Marekani zinaonyesha vizuri tofauti hiyo. Huko, mwenye kadi ya mkopo iliyoibwa habebeshwi zaidi ya dola 50. Mwenye kadi ya kutolea fedha naye hubeba hadi dola 50, lakini iwapo tu ametoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu alipogundua. Akichelewa, mzigo wake unaweza kufika dola 500. Akinyamaza zaidi ya siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, anaweza kupoteza hata zaidi. Kwa hapa nchini, mteja asome mkataba aliosaini alipochukua kadi, kwa sababu humo ndimo inapoelezwa nani anabeba hasara iliyotokea kabla ya benki kuarifiwa.

Hatua kwa hatua

Anayegundua kuwa kadi haionekani afanye yafuatayo, kwa mpangilio huu:

Kwanza, apige simu huduma kwa wateja ya benki yake na kuomba kadi ifungwe. Benki kadhaa pia huruhusu mteja kufunga kadi mwenyewe kupitia huduma ya benki kwenye simu. Aombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, kisha aandike namba hiyo, saa, tarehe na jina la aliyemhudumia. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wake iwapo fedha zitachotwa baada ya hapo.

Pili, aangalie salio na miamala ya mwisho. Akiona muamala asioutambua, aueleze siku hiyo hiyo na aandike barua ya malalamiko, akibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, achukue ripoti ya upotevu polisi, hasa kama kadi ilipotea pamoja na kitambulisho.

Nne, aende tawini na kitambulisho chake, ajaze fomu na kuomba kadi mpya. Aulize mambo mawili kabla ya kuondoka: ada ni kiasi gani na kadi itapatikana lini. Matawi mengine hutoa kadi siku hiyo hiyo, mengine huagiza kutoka makao makuu. Anayetoka mbali asikubali jibu la "pita pita uangalie". Aache namba ya simu ili aitwe kadi ikifika.

Kadi mpya huja na namba mpya, lakini namba ya akaunti haibadiliki. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia chama cha msingi kubadili taarifa za malipo. Fedha za mnada unaofuata zitaingia pale pale. Na kadi ya zamani ikionekana chini ya godoro wiki mbili baadaye, haifai tena. Ikatwe kwa mkasi kupita kwenye chipu na kwenye utepe mweusi wa nyuma.

Hasara inayojificha

Wengi huhesabu ada ya kadi mpya peke yake. Hesabu kamili ni tofauti. Tuseme mkulima anakaa mbali na tawi na nauli ni shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Anasafiri mara tatu: kutoa taarifa, kufuatilia na kuchukua kadi. Nauli imefika 30,000. Siku tatu za kazi alizopoteza, kwa thamani ya 10,000 kila moja, ni 30,000 nyingine. Ada ya kadi, tuseme 15,000. Jumla ni 75,000.

Lakini pigo kubwa huja pale anapohitaji fedha taslimu wakati kadi haijafika. Ana kilo 150 za korosho ambazo hajazipeleka ghalani. Anamwita mnunuzi wa kangomba na kumuuzia kwa shilingi 1,500 kwa kilo, wakati mnadani angepata, kwa mfano, 2,500. Hapo amepoteza 150,000, mara mbili ya gharama zote za kutafuta kadi mpya.

Hasara hiyo haikuwa ya lazima. Kutokuwa na kadi hakumzuii mteja kutoa fedha zake. Anaweza kuingia benki na kitambulisho, akajaza hati ya kutolea fedha na kulipwa dirishani, hata siku ile ile aliyokwenda kuomba kadi mpya. Kama ameunganisha akaunti na simu, anaweza kuhamisha kiasi anachohitaji na kukitoa kwa wakala wa jirani. Foleni ya dirishani inachosha, lakini ni nafuu kuliko kangomba.

Ikiharibika au ikimezwa

Si kila kadi hupotea. Nyingi huchakaa. Chipu hukwaruzwa na sarafu na funguo, utepe wa nyuma hufutika kwa kuwekwa karibu na sumaku, na plastiki hupinda kwa kukaliwa mfuko wa nyuma au kuachwa juani. Kadi iwekwe peke yake kwenye bahasha ndogo, na isibebwe shambani.

Kadi iliyochakaa haina hatari ya wizi, hivyo hakuna haja ya polisi. Mteja huirudisha tawini na kupewa nyingine. Kosa ni kuiacha hadi ikatae kabisa siku ya malipo. Vilevile, kila kadi ina mwezi na mwaka wa mwisho, na hufanya kazi hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Ambaye kadi yake inaisha Novemba aombe nyingine Agosti au Septemba, kabla matawi hayajafurika.

Mashine inapomeza kadi, mara nyingi sababu ni kukosea namba ya siri mara kadhaa, au kuchelewa kuichomoa. Mwenye kadi asikubali msaada wa mtu asiyemfahamu, hata akiwa mkarimu namna gani, na asiibonyeze tena namba yake ya siri mbele yake. Apige simu benki akiwa bado hapo hapo.

Simu nayo ni kadi

Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, laini ya simu imekuwa pochi ya mfanyabiashara mdogo. Kwa wengi ndiyo pia mlango wa akaunti ya benki. Simu ikiibwa, kanuni ni ile ile: laini ifungwe kwanza. Mwenye laini aazime simu ya jirani wa mtandao huo huo na kupiga huduma kwa wateja. Kisha apeleke namba yake ya NIDA na kidole chake kwa wakala anayetambulika ili arudishiwe laini, kwani tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Salio la fedha halimo ndani ya laini, kwa hiyo atalikuta, mradi amewahi.

Simu ikikosa mtandao ghafla wakati ya jirani inashika, hilo nalo si jambo la kupuuza. Huenda mtu ameisajili namba hiyo upya kwa hila. Kubonyeza *106# huonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Matapeli nao huvizia wakati wa taharuki. Hupiga simu na kujitambulisha kuwa ni maofisa wa benki, wakiomba namba ya siri "ili wafunge kadi". Benki haihitaji namba ya siri kufunga kadi. Anayeiomba ni mwizi. Ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa kupokea taarifa za utapeli.

Endapo benki haitatatua malalamiko, mteja anaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Atakayesikilizwa haraka ni yule mwenye tarehe, saa, namba ya kumbukumbu na nakala za barua.

Daftari kabla ya msimu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Namba ya simu ya dharura ya benki huchapishwa nyuma ya kadi, kwa hiyo kadi ikipotea, namba hiyo inapotea nayo. Kabla ya mnada wa kwanza, kila mkulima aandike kwenye karatasi inayobaki nyumbani: namba ya akaunti, jina la tawi, namba ya dharura ya benki, tarakimu nne za mwisho za kadi, na namba ya utambulisho wa simu inayopatikana kwa kubonyeza *#06#. Namba ya siri isiandikwe humo wala popote.

Pia aache tabia ya kumpa kijana wa dukani kadi na namba ya siri amtolee fedha, au kuiweka rehani kwa mkopeshaji. Kadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine pamoja na namba yake ya siri ni hatari zaidi ya iliyopotea, kwa sababu mwenyewe hana habari kwamba anapaswa kuifunga.

Karatasi hiyo haigharimu chochote, na kuiandika huchukua dakika kumi. Mkulima aliye nayo akipoteza kadi saa nne asubuhi, saa nne na nusu kadi imeshafungwa, na korosho zake zinabaki zikisubiri bei ya mnada.