Mtoto Anapojitupa Chini Dukani

Kama wewe ni mzazi wa mtoto wa miaka miwili, huenda haya yamekupata. Ni saa kumi na mbili jioni, mwisho wa mwezi. Umesimama kwenye foleni ya kulipa katika duka kubwa jijini Nairobi, mkate na maziwa mkononi. Mtoto anaona peremende zilizopangwa kando ya kaunta, kimo chake hasa. Unamwambia hapana. Anajitupa sakafuni, anarusha mateke, kiatu huku, soksi kule. Foleni nzima inageuka kutazama. Mzee mmoja anasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Hapo ndipo mkono unapoinuka.

Mkono huo nimewahi kuuinua. Kofi nililompiga binti yangu halikumnyamazisha; lilimwongezea sauti. Mwishowe, kwa aibu, nilimnunulia peremende. Usiku nilihesabu mambo niliyomfunza siku hiyo nikapata mawili: kwamba mtu mkubwa akikasirika hupiga, na kwamba ukilia sana utapewa.

Sisi wazazi huita tabia hii ukaidi. Lakini ukaidi unahitaji hesabu, na mtoto wa umri huu hana hesabu hiyo. Anajua vyema anachotaka, ila hana maneno ya kukisema. Watoto wengi wanapotimiza miaka miwili huwa na maneno kama 50, na ndio wanaanza kuunganisha mawili mawili: "mama maji", "baba kuja". Aidha, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomsaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Kumwambia mtoto aliyepandwa na hasira ashike adabu mara moja ni kama kumwamuru mwenye kwikwi aiache. Ukimpa alicholilia, hapo ndipo unapomfunza hesabu.

Mwaka 1931, mtaalamu wa Marekani, Florence Goodenough, alichapisha utafiti ambao wazazi waliandika kila siku habari za hasira za watoto wao 45. Hasira zilizidi nyakati za kukaribia chakula, na mtoto alipokuwa amechoka au mgonjwa. Mama yeyote angekuambia hayo bila utafiti! Lakini tazama ratiba zetu za mjini. Tunamchukua mtoto jioni, hajatia kitu tumboni tangu mchana, tunambana ndani ya matatu kwenye msongamano wa magari, kisha tunampitisha dukani. Ndizi moja kabla ya kuingia dukani huzuia mengi. Mwambie pia mapema, mkiwa bado nje: leo tunanunua mkate na maziwa tu.

Akilipuka hata hivyo, chuchumaa karibu naye, ondoa vitu vya kumuumiza, sema machache kwa sauti ya chini. Ikibidi mbebe nje. Hotuba haimfikii wakati huo. Utafiti wa Michael Potegal na Richard Davidson wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa vilio vingi vya aina hii huisha ndani ya dakika 5. Ghadhabu hupanda upesi na kushuka, ikabaki huzuni. Ndiyo sababu mtoto aliyekuwa akikupiga mateke humalizia kwa kukukumbatia. Mkumbatie. Peremende bado ni hapana.

Nyumbani, taabu kubwa ni sisi watu wazima. Baba anakataa, nyanya anatoa. Yaya, anayeshinda na mtoto kutwa nzima, analaumiwa kwa kumdekeza, ilhali hakuna aliyemweleza sheria za nyumba hiyo. Kaeni pamoja mkubaliane. Tena msitumie "hapana" kwa kila jambo. Iwekeni kwa jiko, barabara, dawa na mengine ya hatari. Kwa mengine, mwache achague: utavaa viatu vyekundu au vyeusi?

Kuhusu kiboko, Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kuchapwa. Mtoto naye ni mtu.

Wapo watoto wanaolia hadi pumzi ikakatika na midomo kugeuka rangi ya samawati. Kwa kawaida pumzi hurudi yenyewe, lakini mpeleke kliniki, maana wakati mwingine huwa amepungukiwa na madini ya chuma. Mpeleke pia kama hujiumiza anapokasirika, au kama amefika miaka miwili na hasemi.

Wiki mbili baada ya kofi lile, binti yangu alijilaza chini tena, kwenye kaunta ile ile. Niliweka kikapu chini nikachuchumaa. Waliokuwa nyuma yetu wakatupita. Baada ya dakika kama tatu aliketi, akajipangusa pua kwa mkono wa sweta, akaomba maji. Keshia akauliza kama sasa tuko tayari kulipa.