Goti bovu Nsemulwa: Piga hesabu kabla ya kuuza magunia

KWA mama anayenunua mahindi kwa debe katika kata ya Nsemulwa, mjini Mpanda, goti ni sehemu ya mtaji. Likianza kuuma, hulazimika kulipa mtu wa kumbebea kila gunia, na faida hupungua. Vidonge vya kutuliza maumivu anavyonunua duka la dawa ni rahisi, lakini vingi vyake vikitumiwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

Goti lililosagika likishindikana kwa dawa na sindano, kimbilio la mwisho limekuwa upasuaji wa kuweka goti bandia. Sasa imeingia tiba ya katikati, ya kuziba vimishipa vya damu vya goti. Dk. Yuji Okuno wa Japani na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2015.

Goti lenye uvimbe wa ndani huota vimishipa vipya vinavyoandamana na neva za maumivu. Daktari hutoboa tundu dogo kwenye paja, hupitisha mrija mwembamba akiongozwa na picha za eksirei, kisha humwaga chembe ndogo za kupunguza damu inayofika hapo. Aghalabu mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hapa nchini, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2018 kufundisha madaktari tiba za mirija ya aina hii, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Hata hivyo, mgonjwa aulize kwanza kama ya goti inatolewa, ndipo akate tiketi.

Aidha, tiba hii hairudishi gegedu lililolika. Majaribio yaliyoilinganisha na tiba bandia yametofautiana. Katika baadhi yake makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana.

Gharama nazo haziishii kwa daktari. Kuna nauli ya watu wawili hadi Dar es Salaam, malazi, na siku ambazo biashara imefungwa. Anayeuza akiba yake msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, amelipia tiba mara mbili.

Hivyo ni busara kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi: kupiga picha ya goti, kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito. Magunia yanaweza kusubiri ghalani hadi majibu yatoke.