Mtoto wa masaka na pori: anazaa, tena anazaa sana

Wakati papa iko chini ya mine, mama na watoto njo wanabeba jembe. Kwa nyumba nyingi shamba ile njo inafikisha familia mpaka mshahara ya mwezi unaokuja. Sasa kwa bale wanaopanda mtama, ndiyo masaka, kuko mwizi mmoja ambaye haingii usiku: anazaliwa mule mule shambani.

Asili ya mtama ni Afrika. Ndugu yake wa pori angali anaota kando ya njia na pembeni ya mashamba, na wote wawili ni jamii moja. Mara nyingi ua la mtama linajizalisha lenyewe, lakini mara ingine upepo unaleta unga wa maua ya pori, na mbegu inashika. Punje ile haitambuliki kwa macho, juu inakomaa ndani ya suke la mama yake, sawa na zingine. Unaivuna, unaiweka mbegu, unaipanda wewe mwenyewe.

Batu banasema mtoto wa mchanganyiko hazai, sawa baghala, mtoto wa punda na farasi. Kwa mtama ni uongo. Huyu anazaa vizuri kabisa, na anachukua tabia ya pori: mtama wa shamba unashika punje zake mpaka kisu kifike, lakini yeye anazimwaga chini zikikomaa. Jasho la mama limelisha udongo na ndege! Mvua ikirudi, punje zile zinaota zenyewe.

Hata na ndugu wa mbali zaidi mambo ni hayo. Kule California, Arriola na Ellstrand walipandisha mtama na jani baya la jamii yake, Sorghum halepense. Matokeo yao ya 1997: watoto hawakuwa wanyonge kuliko jani lenyewe. Na figili? Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2006, ulilinganisha figili ya pori na watoto wake wa mchanganyiko. Huko Michigan watoto walizaa kidogo chini ya pori. Huko California walizaa asilimia 270 zaidi. Mbegu ni ile ile, udongo na hali ya hewa njo vilibadilika. Kwa hiyo usidanganyike na jirani anayesema kwake hakuna shida.

Bamama, mbegu ya mwaka kesho muitoe katikati ya shamba, hapana pembeni karibu na pori. Mchague masuke yanayoshika punje, kabla ya kuchanganya mavuno. Mtama wa pori ungolewe mbele ya kutoa maua. Yule wa mchanganyiko akiwa mdogo anafanana na wenzake. Akitoa suke lililoachana, lenye punje ndogo, mung'oe siku ile ile.

Wa mahindi, wale wa bukari, wapumue: ndugu yao wa pori, teosinte, kwao ni Meksiko.