Msitu wa Tshopo Sasa Unapimwa Kutoka Angani, na Bado Unawahitaji Wapimaji wa Chini

Ukitoka Simi-Simi, upande wa magharibi wa Kisangani ulipo uwanja wa zamani wa ndege, ukafuata Mto Kongo unavyoteremka hadi Yangambi, safari ni ya kilomita 100 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni msitu. Wataalamu wa tabianchi duniani kote wana swali moja kuhusu msitu huo: una uzito gani? Miti hujenga miili yake kwa kaboni inayoivuta kutoka hewani, na takriban nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Anayejua uzito wa msitu anajua pia ni kiasi gani cha hewa ya ukaa kitarudi angani ukichomwa au kufyekwa, na ni kiasi gani kinabaki kifungoni ukiachwa umesimama.

Tarehe 29 Aprili 2025, Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lilirusha kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, setilaiti iliyotengenezwa kwa ajili ya swali hilo. Inaitwa Biomass. Ilibebwa na roketi ya Vega-C, na sasa inaizunguka dunia ikiwa juu kiasi cha kilomita 660, kwa kazi iliyopangwa kudumu miaka mitano. Picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025, na mojawapo ilionyesha bonde la Mto Ivindo nchini Gabon, ndani ya msitu uleule mkubwa wa Afrika ya Kati unaofika hadi kwetu Tshopo.

Mawimbi yanayopita kwenye majani

Setilaiti za kupiga picha dunia si jambo geni. Zile za Landsat zimekuwa zikifanya hivyo tangu mwaka 1972, na zimesaidia sana kuonyesha mahali msitu ulipokatwa. Tatizo ni kwamba kamera huona kile ambacho jicho lingeona likiwa juu: paa la majani. Msitu mzee wenye mashina mazito na msitu mchanga uliofunga majani vinaweza kufanana kabisa. Isitoshe, katika Bonde la Kongo mawingu hutanda siku nyingi za mwaka, na kamera haipenyi wingu.

Rada hupenya wingu, lakini si kila rada hufika kwenye shina. Setilaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 5 na ushei, nayo hugonga majani na matawi madogo kisha hurudi. Biomass hutumia mawimbi yenye urefu wa sentimita 70 hivi. Mawimbi marefu kiasi hicho hupita kwenye majani kana kwamba hayapo, kisha hudunda kwenye mashina na matawi manene, ambako sehemu kubwa ya uzito wa mti imekaa. Ili kuyatuma na kuyapokea, setilaiti hii ilikunjua angani dishi la wavu lenye kipenyo cha mita 12.

Katika awamu ya kwanza ya kazi yake, chombo hiki hupita juu ya eneo lilelile mara kadhaa, kila mara kikiwa kimesogea kidogo. Vipimo hivyo vikiunganishwa, hutoa picha ya msitu tabaka kwa tabaka, kuanzia ardhini hadi kileleni, kama skana ya hospitali inavyoonyesha mwili wa mgonjwa kipande kwa kipande. Lengo ni kutengeneza ramani za uzito na urefu wa misitu ambapo kila nukta inawakilisha eneo la mita 200 kwa 200.

Kuna sababu ya chombo cha aina hii kuchelewa kurushwa hadi mwaka 2025. Masafa ya mawimbi kinayoyatumia yaliruhusiwa kimataifa kwa uchunguzi wa dunia kutoka angani mwaka 2003 tu. Hata leo Biomass hairuhusiwi kuwasha rada yake juu ya Amerika Kaskazini na Ulaya, kwa sababu ingeingiliana na rada za kijeshi za Marekani zinazofuatilia vyombo vya angani. Basi misitu ya tropiki ndiyo inayopata huduma hii kikamilifu.

Jua nalo lina usemi wake. Tabaka la juu la angahewa lililojaa chembe za umeme, liitwalo ayonosfia, huyapinda mawimbi marefu, hasa wakati jua linapochafuka. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba jua limefikia kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Kukwepa usumbufu wa ayonosfia ni sababu mojawapo ya Biomass kuwekwa kwenye njia inayopita sehemu zetu karibu na saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Ayonosfia huwa imetulia zaidi alfajiri.

Somo la Yangambi

Hapa ndipo watu wa Tshopo wanapoingia. Rada haipimi kilo. Inapima nguvu ya mwangwi unaorudi, na mwangwi huo haugeuki kuwa tani za kaboni mpaka ulinganishwe na msitu ambao watu waliupima wenyewe, mti kwa mti.

Upimaji huo ni kazi ngumu. Watafiti hutenga kiwanja cha hekta moja, yaani mita 100 kwa 100, na kila mti wenye unene wa sentimita 10 au zaidi hupewa namba. Shina huzungushiwa utepe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mti wenye mizizi mipana inayopanda kwenye shina hupimwa juu yake, hata kama ni kwa ngazi. Kisha mti hutambuliwa kwa jina, kwa sababu uzito wa mbao hutofautiana mno. Musanga, ambao wengi hapa huuita parasolia, huota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa na mbao yake ni nyepesi. Limbali hukua polepole, na mbao yake ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya musanga kwa ujazo uleule. Asiyeijua miti hii kwa majina atakosea hesabu hata akiwa na chombo cha gharama kubwa namna gani.

Mwaka 2013 Yangambi ilitoa somo kubwa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba miti ya pale ni mifupi kuliko ilivyodhaniwa. Kanuni zilizozoeleka za kukadiria urefu wa mti kutokana na unene wake zilikuwa zinaipa miti ya katikati ya Bonde la Kongo kimo ambacho haina. Msitu mkongwe wa hapo ulikutwa na takriban tani 162 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, ilhali kanuni hizo zingeyakuza makadirio kwa asilimia 24. Tofauti hiyo inakaribia tani 40 kwa hekta. Katika hekta 1,000 ni karibu tani 40,000 za kaboni ambazo zingeandikwa kwenye karatasi bila kuwepo msituni.

Hesabu kama hiyo ina fedha nyuma yake. Novemba 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 kupitia mpango wa CAFI wa kulinda misitu ya Afrika ya Kati. Nchi inayotaka kulipwa kwa haki kwa sababu ya msitu wake lazima iwe na namba ambazo hakuna atakayezitilia shaka, na wanaozijua vizuri zaidi namba hizo wawe wananchi wake.

Kile ambacho chombo hakioni

Biomass itasaidia kusahihisha urefu wa miti, kwa kuwa itaupima badala ya kuukisia. Lakini haitajua kama shina ni la musanga au la limbali. Haitapima kaboni iliyo ndani ya udongo wa mboji chini ya vinamasi vya Kongo, ambayo utafiti wa mwaka 2017 uliikadiria kuwa tani bilioni 30 hivi. Wala haitajua msitu unavuta na kutoa hewa kiasi gani kila saa. Kazi hiyo inafanywa na mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, uliosimamishwa Yangambi na kuanza kupima mwaka 2020. Ni wa kwanza wa aina yake katika Bonde la Kongo, na umejengwa kwa ushirikiano wa INERA, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji.

Kumbukumbu za vipimo vya chini ni hazina, na zimewahi kulindwa kwa kuhatarisha maisha. Wakati wa vita, mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki Epulu, kwenye Hifadhi ya Okapi huko Ituri, akazificha sampuli za mimea na taarifa za utafiti zisiporwe. Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Mti uliopimwa kabla ya vita na kupimwa tena leo unaeleza jinsi msitu unavyokua. Ile namba ya zamani ikipotea, hakuna setilaiti inayoweza kurudi nyuma kuitafuta.

ESA imejifunga kutoa data za Biomass bure kwa kila mtu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kisangani ana haki ya kuzichambua sawa na mwenzake wa Ulaya, ila haki hiyo inahitaji umeme usiokatika, intaneti yenye nguvu, kompyuta na walimu wa kumwongoza. Wapimaji wa miti wanaojua majina ya mamia ya aina kwa kuangalia gome na kunusa utomvu nao wanazeeka, na wengi wao hufanya kazi kwa vibarua vya mradi mmoja baada ya mwingine. Kuwapa ajira ya kudumu, na kuwapa vijana wa kuwarithi ujuzi huo, kunagharimu kidogo sana kuliko roketi. Serikali ya mkoa, chuo kikuu na wafadhili wa kaboni wakilifanya hilo sasa, wakati chombo bado kina miaka ya kazi mbele yake, Tshopo itakuwa na sauti kwenye kila meza ambapo uzito wa msitu wake unajadiliwa.