Shujaa Wangu: Maana ya Usemi na Deni Lake

Kuna maneno yatumiwayo kila siku pasipo kuchunguzwa, kwa kuwa kila msemaji hudhani kwamba maana yake ni wazi. Mojawapo ni neno shujaa, hasa linapofuatwa na kimilikishi wangu. Mwanafunzi hutakiwa amtaje shujaa wake katika insha. Mhubiri humtaja wake kanisani. Mwanasiasa humtaja wake uwanjani. Wote hutamka neno lile lile, lakini si wote wasemao jambo moja. Maandishi haya yanakusudia kueleza ni nini hasa kinachosemwa mtu anapomwita mwingine shujaa wake, na kwa nini usemi huo haufai kutamkwa kwa wepesi.

Neno lenyewe

Neno shujaa lina asili ya Kiarabu, na tangu huko limekuwa na maana ya mtu jasiri. Kwa umbo, wingi wake ni mashujaa. Lakini kwa kuwa lamtaja mtu, hufuata upatanisho wa ngeli ya watu: shujaa huyu amefika, mashujaa hawa wamefika. Yafaa kulitenga na maneno yaliyo jirani nalo. Bingwa ni yule aliyewashinda wenzake au aliyebobea katika kazi fulani. Mtu mashuhuri ni yule ajulikanaye na wengi, kwa wema au kwa ubaya. Kipenzi ni yule apendwaye, hata kama hakutenda lolote. Mchezaji wa mpira aweza kuwa bingwa, mashuhuri na kipenzi cha mji mzima, asiwe bado shujaa. Ushujaa hudai hatari: lazima pawepo kitu ambacho mtu angeweza kukipoteza, naye akasimama imara hata hivyo.

Kimilikishi na aina zake

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno la pili. Wengi hufundishwa kwamba -angu huonyesha umiliki, na ndivyo ilivyo katika kitabu changu na nyumba yangu. Lakini katika mwalimu wangu hakuna anayemmiliki mwenzake. Panaelezwa uhusiano tu. Tena kuna usemi mdai wangu. Hapa mambo yamegeuka: asemaye ndiye aliyefungwa, na yule atajwaye ndiye mwenye haki juu yake. Mdai wangu ni mtu anidaiye.

Kiswahili sanifu huweka pia tofauti nyingine. Baba, ndugu, rafiki na jirani huchukua yangu: baba yangu, rafiki yangu. Mwalimu, kiongozi na shujaa huchukua wangu. Katika mazungumzo ya Lubumbashi, ambako yangu hutumika kwa upana zaidi, tofauti hiyo haisikiki sana. Wala isifikiriwe kwamba sarufi pekee yaweza kuthibitisha jambo la maadili. Hata hivyo tofauti hiyo yakumbusha jambo la kweli: udugu hupokewa kwa kuzaliwa, lakini shujaa hachaguliwi na damu.

Hadithi ya Fumo Liyongo, ijulikanayo sana katika fasihi ya pwani, yalionyesha jambo hilo kwa uchungu. Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha za kawaida. Mwanawe mwenyewe, akiwa ameahidiwa zawadi, ndiye aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Kijana huyo aliweza kusema baba yangu kwa haki kamili. Kusema shujaa wangu hakuweza, kwa maana maisha ya baba yake hayakumzuia kutenda alilolitenda.

Kutokana na hayo, usemi shujaa wangu ufananishwe na mdai wangu kuliko na kitabu changu. Amwitaye mtu shujaa wake hampatii mtu huyo cheo. Akiri tu kwamba tendo la mtu huyo lamdai yeye.

Mfano wa Lumumba

Katika Kongo hakuna jina lionyeshalo jambo hili vizuri zaidi kuliko la Patrice Emery Lumumba. Alizaliwa mwaka 1925 huko Onalua, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi iliyojitawala tarehe 30 Juni 1960, akaondolewa madarakani mwezi Septemba mwaka ule ule. Alikamatwa mwanzoni mwa Desemba karibu na mto Sankuru, akauawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, karibu na mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Miili yao iliharibiwa kwa asidi. Jino moja lililosalia lilirudishwa na Ubelgiji mwezi Juni 2022, likapitishwa hata Lubumbashi kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Jina hilo limetamkwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya serikali. Tarehe 30 Juni 1966, Rais Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mtangazaji huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lililomwondoa na kumkamata. Tangazo hilo halikumgharimu kitu. Aliyekufa hakuweza tena kudai. Katika usemi shujaa wa taifa, deni hugawanywa kwa watu wote hata asionekane mtu mmoja alipaye.

Namna ya pili ni ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mnamo miaka ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, alichora historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja, akazieleza kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezichapisha katika kitabu mwaka 1996. Lumumba ndiye kiini cha historia hiyo. Katika picha mojawapo ya kifo chake, misalaba mitatu yaonekana nyuma ya wale watatu waliouawa. Tshibumba hakuishia kusifu: alijitwisha kazi ya kusimulia upya historia ya nchi nzima, wakati ambapo utawala ulikuwa na historia yake rasmi. Huyo alikuwa akilipa.

Je, makosa yake?

Hapa swali gumu halikwepeki. Kabla ya siasa, Lumumba aliwahi kufungwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, alikokuwa mfanyakazi. Jambo zito zaidi ni lile la Agosti 1960, ambapo majeshi yaliyotumwa na serikali yake kupinga kujitenga kwa Kasai ya Kusini yaliua raia wengi huko Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Mtu ambaye jamaa zake waliangamia huko aweza kukubali kwamba Lumumba ni shujaa wa taifa kwa mujibu wa tangazo, na papo hapo akakataa kusema shujaa wangu. Lugha yampa haki hiyo, wala asiitwe msaliti kwa kuitumia. Naye amchaguaye Lumumba kuwa shujaa wake hana budi kuijua Bakwanga. Anayejua tu yale yanayompendeza amechagua sanamu, na sanamu haimdai mtu kitu.

Masharti ya usemi

Basi yaweza kusemwa kwamba usemi huu una masharti matatu. Kwanza, msemaji aweze kutaja tendo lenyewe, siyo sifa za jumla. Pili, ajue gharama ya tendo hilo na kasoro za mtendaji. Tatu, awe tayari kuulizwa: tendo hilo limebadili nini katika maisha yako?

Sharti la tatu ndilo zito, na huwagusa hata wale wasiomtaja mtu yeyote mashuhuri. Mwanafunzi akisema kwamba shujaa wake ni mama yake, muuzaji wa makala sokoni, aliyejinyima chakula ili karo ilipwe, amesema vema: tendo lipo, na gharama yake yajulikana. Lakini mwanafunzi huyo huyo akichukua fedha za makala na kumhonga mwalimu ili apate pointi, usemi wake umekuwa sauti tupu. Mwalimu azipokeaye naye pengine ana picha ya Lumumba ukutani ofisini mwake. Hao wawili hawajakosea sarufi. Wamekana deni, ilhali mdai mmoja yu kaburini Kinshasa, na wa pili bado ameketi sokoni kando ya magunia yake.