Bustani Inayofundisha Kazi
Sehemu ya Pili: Kituo cha Songhai, Porto-Novo

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Mwalimu Nyerere, kwenye waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alivyotaka kila shule iwe pia shamba. Waliosoma Tanzania miaka iliyofuata wanajua yaliyotokea mahali pengi: jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mahindi yakavunwa bila mwanafunzi kujua yameuzwa wapi wala kwa bei gani. Nguvu ya vijana ilitumika, ujuzi hawakuupata. Leo tunavuka bara hadi Benin, ambako shamba la mafunzo limekwenda njia nyingine.

Padri Godfrey Nzamujo wa shirika la Wadominiko, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa mhadhiri huko California wakati njaa ilipoikumba Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliiacha kazi hiyo akarudi Afrika Magharibi. Mwaka 1985 serikali ya Benin ilimpa hekta 1 ya ardhi iliyochoka mjini Porto-Novo, naye akaanza kuilima pamoja na vijana wachache walioacha shule. Kituo alikiita Songhai, jina la dola iliyotawala kando ya Mto Niger katika karne ya 15 na ya 16. Hekta ile moja ilikua hadi kufikia 24.

Siri ya Songhai ni kwamba hakuna kinachotupwa. Samadi ya mifugo huchanganywa na magugumaji yanayoopolewa majini, kisha huingizwa kwenye mtambo wa kuzalisha gesi. Gesi hupikia, tope linalobaki hurutubisha bustani. Mabaki ya vyakula huachwa nzi watage, na mabuu yao hulishwa samaki. Maji ya mabwawa, yakiwa yamejaa rutuba ya kinyesi cha samaki, humwagiliwa mboga.

Kwa mpangilio huo, kijana aliyepangiwa mabwawa hawezi kujifungia mabwawani. Samaki wakidumaa, itambidi aulize juu ya mabuu. Mabuu yakiwa haba, atafuatilia mabaki ya jikoni. Anajifunza kutafuta chanzo cha tatizo, na hilo ndilo humtofautisha fundi na kibarua.

Kituo chenyewe nacho ni darasa. Karakana yake huunda mashine za kusindika mazao, na wanaofunzwa humo hujifunza uchomeleaji kwa kutengeneza kitu kitakachotumika hapohapo. Muhogo husagwa, matunda hukamuliwa juisi, na bidhaa huuzwa katika duka na mkahawa wa kituo. Wageni wanaolala pale hulipia vyumba. Hivyo kila jengo jipya huongeza mambo mawili kwa pamoja: mapato ya kituo na aina ya kazi ambayo kijana anaweza kujifunza.

Mafunzo ya mjasiriamali wa kilimo huchukua miezi 18, sehemu kubwa ikiwa vitendo. Mwanafunzi huandaa pia mpango wa biashara wa shamba lake mwenyewe, na akihitimu huingia katika mtandao wa wenzake waliotangulia. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ulikitambua Songhai kuwa kituo cha mfano kwa Afrika, na Nigeria imejenga mashamba ya mafunzo kwa kukiiga.

Hata hivyo, geti la kituo likishafungwa nyuma yake, mhitimu hukutana na yaleyale yanayomkabili kijana wa Morogoro au Kitui: ardhi ya kulima na mtaji wa kuanzia. Ufundi peke yake hauvileti.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975, ni zaidi ya 50, na vinafundisha kilimo, uashi, useremala na ushonaji. Mwanafunzi wa uashi anaweza kujenga tangi la maji ya bustani. Anayesomea upishi anaweza kununua mboga za bustani hiyo kwa bei iliyoandikwa. Sehemu ya tatu itavitazama vyuo hivyo, kuanzia na swali la nani anashika daftari la mauzo.